Kobe Aliye Juu ya Mawe

Chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya marehemu babu, kuna Volkswagen ndogo ya miaka ya sitini. Tairi ziliazimwa zamani na hazikurudi; gari limekaa juu ya matofali. Kuku wanatagia kiti cha nyuma. Mlango wa dereva haufunguki mpaka uinuliwe kidogo, kama mlango wa banda. Kila ukoo unapokutana kwa Idi au Krismasi, kijana mmoja hulizunguka, hupiga bampa teke, hutangaza kwamba mwaka huu atalifufua. Mwaka hupita. Kuku huangua.

Mwongozo huu ni wa kijana huyo, au wa shangazi yake, maana kazi yenyewe inataka subira na daftari zaidi ya misuli. Gari dogo la kizamani lenye kutu hufufuka nyumbani, kwa fedha za kudunduliza. Yale yanayoishia njiani mara nyingi hayauawi na kutu. Huuawa na utaratibu wa matumizi: fedha ya kwanza huenda kwenye rangi na rimu, ya pili kwenye viti na redio, na zamu ya chuma kinacholibeba gari inapofika, mfuko mkavu. Gari hurudi juu ya mawe likiwa linang'aa.

Volkswagen hii Wajerumani waliiita Käfer, mdudu mwenye gamba. Hapa itaitwa kobe, kwa ajili ya mgongo wake. Katika magari ya rika lake ni vigumu kupata linalofaa zaidi kujifunzia, kwanza kwa wingi wake. Kuanzia 1938 hadi 30 Julai 2003, wa mwisho alipotoka katika kiwanda cha Puebla nchini Meksiko, walitengenezwa kobe 21,529,464. Brazili ilikuwa bado inawaunda mwaka 1996. Afrika Kusini iliwaunda Uitenhage hadi 1979, tena wenye usukani wa kulia kama ilivyo barabara za Kenya, Uganda na Tanzania. Ndiyo maana spea za gari lililobuniwa kabla ya Vita Kuu ya Pili bado zinatengenezwa, wakati mwenye Morris ya miaka hiyo hiyo anaweza kuzunguka mwezi mzima akitafuta raba moja ya kioo.

Halafu kuna wepesi wa kumfungua. Madigadi zote nne zimeshikwa kwa boliti. Injini nzima imeshikwa kwa boliti nne. Hakuna rejeta, hakuna pampu ya maji, hakuna mpira wa maji wa kupasuka njiani. Na huu wepesi haukuwa udhaifu: mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, madereva walikimbizana kwenye vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ikashika nafasi ya kwanza mwaka 1954, 1957 na 1962.

Tahadhari moja tu katika kuchagua. Toleo la 1302, lililoanza 1970, na 1303 lililolifuata, yana mfumo mwingine kabisa wa shokapu za mbele na boneti iliyovimba zaidi. Ni magari mazuri, lakini sehemu nyingi za mbele hazibadilishani na za kobe wa kawaida. Anayeanza atafute kobe wa kawaida.

Bisibisi, sumaku na kadi ya gari

Kabla spana ya kwanza haijashikwa, zitazamwe karatasi. Namba ya chesisi ya kobe imegongwa juu ya ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Isomwe, ilinganishwe na kadi ya gari, au logibuku kwa walio Kenya, tarakimu kwa tarakimu. Gari la urithi lisilo na kadi ni kesi, si gari. Mirathi ikamilishwe kwanza na umiliki uhamishwe, hata kama mrithi ni mtoto wa pekee. Namba hiyo ipigwe picha, na kipande cha chuma kilichoibeba kisikatwe kwa hali yoyote.

Kisha vifaa vitatu visivyo na gharama: tochi, bisibisi ya zamani, na sumaku iliyong'olewa kwenye spika iliyokufa. Sumaku ivikwe kitambaa, ipitishwe taratibu juu ya bodi. Inaponata, kuna chuma. Inapoteleza na kudondoka, kuna puti, na nyuma ya puti kuna jambo. Tahadhari hii ina uzito zaidi nchini Kenya, ambako kwa kawaida gari lililotumika haliingizwi likiwa na umri wa zaidi ya miaka 8. Kobe wanaouzwa huko ni wale waliokuwapo nchini tangu zamani, na wengi wamepita mikono ya mafundi kadhaa, kila mmoja akiacha tabaka lake.

Bisibisi ni ya kugonga na kuchokonoa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya boksi la karatasi, kisha bisibisi huzama. Mwenye gari achunguze kuzunguka tairi la akiba mbele, mahali bampa zinaposhikwa, mapaja ya ndani ya madigadi za nyuma, mguu wa nguzo za milango, na kile kichwa cha fremu kilicho nyuma ya ekseli ya mbele. Ainue kiti cha nyuma: betri ya kobe hukaa hapo, upande wa kulia, na asidi iliyomwagika kwa miaka mingi mara nyingi imeishakula sakafu mpaka barabara inaonekana. Pale kuku walipolala atoe kinyesi chote na aoshe kwa maji safi, kwa sababu kinyesi chenye unyevu hula rangi kwanza, kisha bati.

Sasa sehemu inayoamua kila kitu.

Chini ya kila mlango, kutoka karibu na gurudumu la mbele hadi karibu na la nyuma, kuna boksi refu la bati lililofungwa pande zote. Ndani yake hupita hewa ya moto kutoka kwenye injini iliyoko nyuma hadi miguuni mwa dereva na kwenye kioo cha mbele. Mjerumani aliihitaji hewa hiyo asubuhi ya Januari. Mtu wa Tanga haihitaji maisha yake yote, na kosa huanzia hapo hapo. Fundi akikuta boksi limeoza, hukata kilichooza, hubandika kipande cha bati la paa, hupaka puti na rangi nyeusi, na hoja yake huwa moja: hita ya nini kwenye joto hili?

Hita kweli haina kazi. Lakini boksi hilo ndilo mhimili wa bodi. Nguzo za milango zimesimama juu yake, na boliti nyingi zinazounganisha bodi na sakafu hupita ndani yake. Likioza, bodi hujikunja katikati. Ndiyo maana mlango wa gari la babu hautaki kufunguka mpaka uinuliwe. Hauna bawaba mbovu. Gari limepinda.

Kipimo chake ni rahisi. Mlango ufunguliwe, jeki iwekwe kwenye sehemu yake ya kawaida chini ya ubavu, gari lipandishwe pole pole huku mtu akitazama uwazi kati ya mlango na nguzo. Uwazi ukibadilika, au mlango uliokuwa ukifunga ukigoma, boksi limekwisha. Jeki ikizama ndani ya bati badala ya kuinua gari, hata kutazama mlango hakuhitajiki tena.

Boksi moja bovu ni kazi ya wikiendi kadhaa. Yote mawili pamoja na sakafu bado yanatengenezeka. Yote mawili, sakafu, nguzo na kichwa cha fremu kwa pamoja ni hesabu nyingine, na hapo ushauri wa kweli ni kutafuta kobe wa pili mwenye bodi nzuri na injini mbovu. Injini hupatikana na hujengwa upya mezani. Bodi iliyooza hula fedha bila kusema imeshiba. Ikifika huko, ikumbukwe kwamba sakafu yenye namba ndiyo inayobeba kadi, kwa hiyo mamlaka ya usajili iulizwe kabla ya kuchanganya miili miwili.

Daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Kurasa tatu zinatosha. Ya kwanza ni ya vinavyoweza kuua: breki, mipira ya petroli, usukani, tairi, maboksi ya ubavuni. Ya pili ni ya vinavyozidi kuoza kila mvua inaponyesha: sakafu, raba za vioo, tundu za kutolea maji. Ya tatu ni ya vinavyofurahisha macho. Hakuna shilingi inayokwenda ukurasa wa tatu kabla ya wa kwanza kufutwa wote. Sheria hii inachosha, hasa pale jirani anapouza rimu za kung'aa kwa bei ya kutupa, lakini ndiyo inayotofautisha gari na pambo la uani.

Kobe asivunjwe wote kwa siku moja. Gari lililotawanywa kabisa hugeuka rundo, na rundo hupotea kidogo kidogo: boliti huazimwa, taa huibwa, mke au mume huuliza sebule itarudi lini. Afunguliwe upande mmoja, atengenezwe, afungwe, ndipo upande wa pili. Kila hatua ipigwe picha kwa simu. Boliti ziwekwe kwenye makopo ya maziwa, kila kopo na jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Boliti iliyogoma ilowekwe usiku kucha kwa dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi. Asubuhi ikazwe kidogo kwanza ndipo ilegezwe. Yenye kugoma hata hivyo ipashwe moto, mbali na tangi.

Matofali yaliyolibeba gari miaka yote hayafai hata siku moja ya kazi, kwa sababu tofali hupasuka bila onyo. Hakuna mtu anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee au matofali. Stendi za chuma zinaweza kuazimwa gereji. Zikikosekana, vipande vipana vya gogo gumu, vimelala na kupangwa kwa kupishana, ni bora mara kumi.

Magadi, ndimu na msasa

Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Chumvi huharakisha ndoa hiyo, na ndiyo sababu gari la Mombasa, Tanga au Unguja huoza haraka kuliko la Dodoma au Nanyuki. Kutu ya juu juu huondoka kwa brashi ya waya, msasa na grainda. Ile iliyokaa kwenye boliti, bawaba na vipande vyenye kona nyingi ina dawa ya bei ndogo kuliko zote, na mojawapo iko jikoni.

Vitu vidogo vilowekwe kwenye siki au maji ya ndimu kwa siku nzima. Kutu italegea na kusuguka kwa mswaki wa zamani. Visuuzwe kwa maji yenye magadi ili asidi ife, vikaushwe juani, vipakwe oili siku hiyo hiyo.

Vipande vikubwa vinataka umeme. Ndoo ya plastiki ijazwe maji, na kila lita 4 zitiwe kijiko kimoja cha magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Waya hasi wa chaji ya betri ufungwe kwenye kipande chenye kutu. Waya chanya ufungwe kwenye chuma chakavu kisicho na kazi. Vyote viwili vizame bila kugusana. Chaji ya kizamani yenye transfoma nzito hufaa kuliko ya kisasa, ambayo ikikosa betri hukataa kufanya kazi. Kwa saa kadhaa maji yatatoa mapovu na kubadilika kuwa uji wa kahawia, na kutu itaachia chuma bila chuma chenyewe kuliwa, jambo ambalo grainda hailiwezi.

Masharti yake hayana mjadala. Kazi ifanyike nje, kwa sababu mapovu hayo yana haidrojeni, gesi inayolipuka. Sigara na cheche zikae mbali. Chaji izimwe kabla ya mkono kuingia majini. Upande wa chanya pasitumike kamwe chuma kisichoshika kutu, kile cha sufuria na vijiko vinavyong'aa, maana hutoa sumu ya kromiamu majini. Wala kabureta na vipande vya alumini visiingie humo: maji ya magadi huvila.

Kuna pia dawa za kutu zenye asidi ya fosforasi, zinazogeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi gumu. Zinafaa kwenye vishimo vidogo ambavyo msasa hauvifikii. Hazijazi tundu, na chupa haidai hivyo; wanaodai ni wauzaji.

Moto

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kobe, kuuziba tu ndio mwanzo wa kujenga gari zima. Kiraka kilichopigwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani, na baada ya masika mbili tundu hurudi likiwa na wenzake. Kutu ikatwe mpaka chuma cheupe, hata kama tundu la ukubwa wa shilingi litakuwa la ukubwa wa sahani.

Kuchomelea ndiko kunakotisha wengi, na ndiko mwenye bajeti ndogo anaweza kuokoa fedha nyingi kuliko kwingine bila kushika mashine. Fundi hulipwa kwa muda. Sehemu kubwa ya muda huo haiendi kwenye moto. Huenda kwenye kusugua, kukata, kupima na kulinganisha. Mwenye gari afanye hayo yote mwenyewe. Atengeneze kielelezo cha kiraka kwa karatasi ya boksi, akihamishie kwenye bati la geji 18 kwa maboksi ya ubavuni na sakafu, geji 20 kwa bodi, akikunje, akiweke mahali pake kwa vibanio, asugue kingo mpaka zing'ae. Fundi akija akute kazi ya kuchomelea tu. Siku moja ya namna hiyo humaliza kazi ambayo gereji ingelipisha wiki.

Bati refu lenye mikunjo iliyonyooka si la kukunjia uani. Mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, au wa Gerezani jijini Dar es Salaam, hukunja masanduku, majiko na mageti kutwa. Wakipewa kipimo sahihi na kipande cha mfano, boksi la kobe haliwashindi.

Fundi naye achaguliwe kwa mashine yake. Ile ya umeme yenye vijiti, inayotengeneza mageti kila mtaa, ni kali mno kwa bati jembamba kuliko milimita moja. Hutoboa, kisha hutoboa pembeni ya ilipotoboa. Inatakiwa mashine ya waya na gesi, au mtungi wa gesi mikononi mwa mzee aliyenyoosha bodi miaka mingi. Achomelee kwa vidoti vinavyorukiana, kimoja huku, kimoja kule, akisubiri bati lipoe, mpaka vidoti vyenyewe viungane. Mstari mrefu wa mara moja hupindisha bati kama chapati.

Kabla boksi la ubavu halijakatwa, fremu ya mlango ishikizwe kwa nondo au bomba la mraba, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kwa kuchomelewa. Mlango ufungwe na kufunguliwa kila baada ya vidoti kadhaa. Upande wa pili usiguswe mpaka wa kwanza ukamilike. Anayekata pande zote mbili kwa pamoja hupata gari lisilofunga milango kwa umri wake wote.

Na sasa ya hatari. Tangi la petroli la kobe liko mbele, chini ya boneti: litolewe na kupelekwa mbali, kwa sababu tangi tupu lenye mvuke ni baya kuliko lililojaa. Betri itolewe. Viti na mazulia yatoke, pamoja na makaratasi ya lami yaliyobandikwa sakafuni, ambayo hushika moto polepole na kuwaka watu wakiwa wanakula chakula cha mchana. Ndoo ya mchanga iwepo, na mtu abaki akitazama kwa nusu saa baada ya kidoti cha mwisho. Bati la paa lenye zinki lisichomelewe: moshi wake huleta homa na kichefuchefu. Rangi ya zamani huenda ina risasi. Vumbi lake lisivutwe wala lisiachwe pale watoto wanapochezea.

Chuma kilichosuguliwa hakilali uchi. Pwani, usiku mmoja unatosha kukipaka hudhurungi. Kipigwe praima siku hiyo hiyo, na ndani ya maboksi, ambako brashi haifiki, inyunyizwe nta ya kuzuia kutu kwa mpira mwembamba kupitia matundu yaliyopo, mchana wa jua kali ili itiririke mpaka kwenye mikunjo. Tundu za kutolea maji zizibuliwe kwanza.

Hapa inafaa kusahihisha desturi moja. Magari mengi yanayotengenezwa nyumbani huendeshwa mwaka mzima yakiwa na undakoti ya kijivu, mwenye gari akisubiri fedha ya rangi. Undakoti nyingi hunyonya maji kama sponji. Gari linalosubiri lipigwe praima ya epoksi, ambayo huziba, au lipakwe rangi yoyote ya mafuta juu yake, hata kwa brashi. Uzuri utakuja baadaye, kutu haisubiri.

Kwa anayekaa pwani, kalenda ni hii: kuchomelea kuanze Juni, masika yakishapita, na rangi iishe kabla ya vuli. Rangi ya kukauka haraka ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hupata ukungu mweupe. Zile za sehemu mbili, zenye kigumishi, zina isosayaneti, sumu ya mapafu ambayo barakoa ya kitambaa haizuii. Hizo zipulizwe na fundi mwenye chumba na kifaa cha kuvutia hewa. Mwenyewe amsugulie kwa msasa wa maji, afunge magazeti, ampelekee gari lililo tayari.

Injini ngoja

Injini ya kobe husifiwa sana, kwa hiyo watu huikimbilia kwanza. Ingoje. Ila kabla ya kuiamini, puli ya chini ishikwe kwa mikono miwili, ivutwe na kusukumwa. Mchezo unaoonekana kwa macho na kutoa mlio wa kugonga ni dalili mbaya. Kikomo ni takriban milimita 0.15, na ikizidi hapo injini inataka kufunguliwa yote. Ikiwa imeganda, imiminiwe oili nyepesi kupitia matundu ya plagi, iachwe siku kadhaa, izungushwe kwa mkono. Isivutwe kwa gari jingine.

Huduma yake haina siri. Oili lita 2.5, na badala ya filta kuna chujio la waya chini linalooshwa. Valvu hupimwa injini ikiwa baridi, milimita 0.15 kwa injini nyingi. Mabati yote yanayoizunguka yarudishwe, pamoja na raba zake, hata yale yanayoonekana kama urembo: hiyo ndiyo rejeta yake. Kobe aliyepungukiwa mabati huvuta tena hewa moto aliyoitoa, na silinda namba 3, ambayo kwenye injini za zamani imezibwa upepo na kipoza oili, huwa ya kwanza kufa.

Mipira ya petroli ibadilishwe yote bila kuitazama. Ule mdogo uliopita nyuma ya injini ndio uliochoma kobe wengi, na moto huo haufanani na mwingine, kwa kuwa kasha la injini ni la aloi ya magnesi, madini ambayo yakishika moto hayazimwi kwa maji, maji huyachochea. Kizimamoto cha unga kikae ndani ya gari, karibu na dereva, na moto ukishafika kwenye kasha lenyewe, kazi iliyobaki ni kukimbia. Betri chini ya kiti ifunikwe kwa kifuniko chake au ubao mkavu. Mtu mnene akikalia kiti kisicho na kifuniko hicho, springi hugusa nguzo za betri na kiti huanza kufuka.

Breki: mipira yote mipya, raba za silinda za magurudumu mpya, mafuta mapya. Mpira wa zamani huvimba ndani na kushikilia breki hata mguu ukiachia. Vumbi la shuu za zamani lilowanishwe na kufutwa, lisipulizwe kwa kompresa, kwa sababu huenda lina asbesto. Kobe wengi wa kabla ya 1967 wana umeme wa volti 6, hivyo balbu na betri zisinunuliwe kwa mazoea. Starta ikiwa nzito, kabla ya kununua nyingine, uangaliwe ule mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha giaboksi na bodi. Mara nyingi ndio umeoza, na bei yake haifikii ya chakula cha mchana.

Spea zitafutwe Kariakoo na Gerezani, Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, na kipande cha zamani kiende mkononi kila mara. Anayenunua madigadi ya mbele atazame jicho lake: za zamani zina taa iliyolala, na kuanzia toleo la 1968 taa imesimama wima. Raba za vioo zinunuliwe kabla ya mazulia, maana maji yanayoingia juu ndiyo yanayooza chini.

Safari ya kwanza iwe ya mtaani, mchana, na mtu wa pili akifuata nyuma kwa pikipiki. Baada ya kilomita 500 oili imwagwe, valvu zipimwe upya, na nati kubwa za ekseli ya nyuma zikazwe. Zinataka nguvu ya karibu Nm 300, yaani spana yenye bomba refu na mtu mzima juu yake, siyo nyundo na patasi. Na siku yoyote taa nyekundu ya dinamo ikiwaka barabarani, injini izimwe pale pale. Mkanda unaozungusha dinamo ndio unaozungusha feni, na injini isiyo na maji haingoji kufika kituo kinachofuata. Mkanda wa akiba, spana ya puli na bisibisi vikae chini ya boneti: kuubadilisha ni kazi ya dakika 10.